Kupima Maumivu ya Tumbo

Msomaji, homa hupimwa kwa kipimajoto. Je, maumivu ya tumbo yapimwe kwa nini? Mwaka 1921, huko San Francisco, Daktari Walter Alvarez aliweka nyaya za umeme juu ya tumbo la bibi mmoja aliyekonda mno, hata mwendo wa mfuko wake wa chakula ukaonekana kwa macho. Chombo kikaandika mawimbi ya umeme, 3 hivi kwa dakika, yakilingana na mwendo ule. Mwaka 2018 wataalamu wa San Diego walieleza kifaa kivaliwacho tumboni, kiandikacho mawimbi hayo kwa saa 24, mtu akila au akilala.

Lakini kumbuka: vyombo hivyo hupima kazi ya mfuko, si uchungu wenyewe. Wako waumwao ilhali mawimbi yao ni sawa. Basi mwenzako akisema aumwa, usimwite mwongo kwa kuwa chombo kimenyamaza.