Mwili Una Kiunzi, Hauna Fremu

Kwenye ukuta wa kituo kimoja cha afya hapa Hewa Bora, juu ya mizani, pamebandikwa jedwali la uzito lenye safu tatu: “fremu ndogo”, “fremu ya kati”, “fremu kubwa”. Chini yake, kwa herufi ndogo, msomaji anaelezwa kwamba fremu ni “unene wa mifupa”. Kuna makosa mawili hapo, na la pili linadhuru kuliko la kwanza. Wauguzi wa kituo hawana hatia. Jedwali liliwafikia likiwa limekwisha kutafsiriwa na kamati ya istilahi iliyoketi mbali na Lubumbashi, ambayo sitaitaja, kamati niliyoiandikia mapema kuhusu neno hilihili na ambayo haikuona haja ya kunijibu.

Dhana yenyewe haihitaji somo. Watu wawili wa kimo kimoja, wote wazima, hupishana kilo kadhaa kwa kuwa mmoja amejaliwa mabega mapana, kifua kipana, nyonga pana, viwiko na vifundo vikubwa, na mwenzake hakujaliwa hivyo. Madaktari wetu, waliosomea Kifaransa, huita jambo hilo “ossature”. Kila munganga wa mji huu analijua. Kinachokosekana ni neno ambalo munganga huyo atamwambia mama aliyesimama juu ya mizani, naye mama akalielewa papo hapo bila kupotoshwa.

Fremu haliwezi kazi hiyo. Ni neno la Kiingereza lililoongezewa irabu, na huko lilikopokelewa limekwisha kupata kazi nyingine. Dar es Salaam, mtu anayetafuta fremu Kariakoo anatafuta chumba cha duka cha kupanga. Kwingineko ni fremu ya picha, ya mlango, ya dirisha. Huku Katanga watu hawalitamki kabisa, maana sisi mikopo yetu tuliichukua kwa Wabelgiji, na picha ya ukutani tunaiwekea kadre. Neno la kigeni lililokopwa Tanzania likiletwa Lubumbashi kwa jina la Kiswahili bora linakuwa geni mara mbili.

Mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu kwa mengine, amejibu kwamba basi tuandike “kadre ya mwili” tumalize. Amesahau mji anaoishi. Tangu enzi za migodi ya Union Minière mpaka ya Gécamines, kadre kwetu ni mfanyakazi wa ngazi ya juu. Mwambie mama wa Katuba kwamba ana kadre kubwa, atafikiri unamsifia mume. Mwalimu huyohuyo alisimama kikaoni akasema kiunzi, neno ninalolitetea hapa, ni la mabaharia, na kwamba halina kazi mahali palipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Nitamjibu baadaye kidogo, kwa sababu kikaoni sikupewa nafasi.

Kwanza huo “unene wa mifupa”. Mifupa yote ya mwanamume wa kilo 70, pamoja na uboho wake, ina uzito wa kama kilo 10. Hata tukimzidishia mtu mifupa kwa ukarimu, haiwezi kueleza kilo 25 za ziada. Tena kinachotajwa na safu tatu za jedwali si unene wa mfupa mmoja mmoja, wala uzito wa madini yaliyomo ndani yake. Ni upana wa muundo mzima, pamoja na misuli ambayo muundo wa aina hiyo huweza kuibeba. Na neno “unene” katika Kiswahili ndilo jina la kunenepa. Jedwali limekusudia kutenga mifupa na mafuta, maelezo yake yameyachanganya tena. Matokeo yake tunayasikia kila siku barazani: tumbo limetangulia, pumzi imekuwa fupi, na mwenyewe anasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, “Haina mafuta, njo mifupa.” Kituo cha afya kimempa udhuru huo kwa maandishi.

Dhara la upande wa pili halisemwi sana. Yupo mwanamke aliyezaliwa mwembamba wa viungo, mwenye nguvu zake, hajaugua. Katika mji huu, ambako kukonda kumehesabiwa dalili ya njaa, ya msiba au ya ugonjwa usiotajwa, dada huyo huulizwa bila kukoma ana shida gani, huongezewa bukari asiyoitaka, na akifika kwenye jedwali anasoma kwamba mifupa yake ni myembamba, kana kwamba imeliwa na kitu. Neno baya limemuumiza mtu mzima wa afya.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba kamati ilikwenda kukopa huku Kiswahili kikiwa kimekwisha kuliona jambo hili kwa macho makali. Sisi husema mtu wa miraba minne. Mraba tuliupokea kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule wa arba’a, yaani nne, hivyo usemi huo unabeba nne mara mbili, na anayeusikia anaona mabega na nyonga, haoni tumbo. Husema pande la mtu, na hilo si sawa na bonge la mtu: pande ni ukubwa wa kuzaliwa nao, bonge ni nyama na mafuta. Kwa upande mwingine yuko kimbaumbau, mrefu mwembamba, ambaye hakuna anayemdhania mgonjwa. Wazungumzaji walikuwa wameshatenga kiwango cha juu na cha chini, na mafuta wameyaweka kando, muda mrefu kabla ya jedwali lolote kuchapishwa. Walichokuwa hawajakitaja ni sifa yenyewe ambayo miraba minne na kimbaumbau ni ncha zake mbili. Kazi ya istilahi ilikuwa hiyo moja tu.

Na jina la sifa hiyo lipo. Ni kiunzi.

Kiunzi kimezaliwa na kitenzi kuunda. Sauti nd ikifuatwa na i ya kuzalisha majina hugeuka nz: kupenda kukatupa mpenzi, kulinda kukatupa mlinzi, kutenda kukatupa utenzi, ingawa washairi wa Lamu waliendelea kuandika utendi. Hivyo kuunda kukatupa kiunzi, na ile ki- ya mwanzo inatuambia ni kitu. Uzao huu hauna mkopo wala wa sauti moja. Sasa tazama kuunda kwenyewe. Kiswahili cha pwani hakikuridhika na kitenzi kimoja cha kutengeneza. Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, na jahazi huundwa. Fundi hulaza mkuku kwanza, kisha akasimamisha mataruma, na mpaka hapo, kabla ya ubao wa mwisho kupigwa na kabla ya kalafati, kila mwenye jicho anajua chombo hiki kitakuwa chembamba cha mbio au kipana cha mizigo. Shehena itapanda na kushuka kila safari, kiunzi hakibadiliki. Ndiyo maana ya kitabibu tunayoitafuta, neno kwa neno: kile kilichoundwa kwanza, kinachoamua ni mzigo gani unafaa, na ambacho mzigo haukigeuzi.

Wanaotaka “umbo” wasikie tofauti hiyo. Umbo linatoka kwenye kuumba, na linataja sura ya nje kama macho yanavyoiona, nyama na mafuta vikiwemo. Tanzania wanapomsifia binti kwa umbo namba nane hawazungumzii viwiko vyake. Mtu akinenepa umbo lake limebadilika, akiugua limebadilika tena, na istilahi inayobadilika pamoja na kile inachotakiwa kukipima haifai chochote. Umbile ni pana zaidi, linaingiza hata tabia. Mwingine, kijana mwenye bidii lakini mwepesi wa kamusi, alipendekeza “gofu la mwili”. Gofu ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta, na gofu la mtu ni aliyekondeana mpaka kuisha. Gofu ndilo linalobaki baada ya uharibifu, na kiunzi ndicho kinachotangulia ujenzi. Kijana huyo alikuwa ameshika neno la kifo akidhani la uhai.

Sasa mabaharia. Ni kweli neno limekulia pwani, lakini halikubaki huko. Kiswahili cha Tanzania kinasema kiunzi cha mifupa, wala mwanafunzi wa Dodoma haulizi bahari iko wapi. Wanariadha huruka viunzi. John Akii-Bua wa Uganda, nchi isiyo na pwani kama Katanga yetu, alivivuka München mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia ya mita 400, na hakuna msikilizaji wa redio aliyedhani amevuka majahazi wala mifupa. Neno lenye maana mama moja, yaani muundo unaoshikilia, huweza kufanya kazi tatu bila kugombana, na anayeogopa mgongano aandike kiunzi cha mwili kwa hiki chetu, kiunzi cha mifupa akibakize kwa mifupa 206. Na kama umbali wa bahari ni hoja, Kiswahili chote kilifika Katanga kwa miguu kutoka huko. Katiba yetu ya 2006 imekifanya kimoja kati ya lugha nne za taifa, na tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sioni kwa nini tuletewe majedwali yao bila sisi kuulizwa maneno.

Kamati ingejisaidia kwa kuuliza hata historia ya kile ilichokitafsiri. Safu tatu za namna hiyo zilipata umaarufu Marekani kwa kampuni ya bima ya Metropolitan Life, iliyochapisha majedwali yake ya “uzito bora” mwaka 1942 kwa wanawake na 1943 kwa wanaume. Yaligawa watu makundi matatu bila kusema mtu atajuaje yuko kundi gani. Kila mmoja alijichagulia, na mwenye kilo nyingi alijichagulia safu iliyomfurahisha. Ni majedwali ya mwaka 1983, miaka 40 baadaye, yaliyoambatana na kipimo cha upana wa kiwiko. Dhana iliyokaa miaka yote hiyo bila kipimo ilihitaji mtafsiri mwangalifu kuliko kawaida. Ilipata “unene wa mifupa”.

Wapo watakaosema kiunzi hakina maana tena, kwa kuwa siku hizi kila kituo kinagawa kilo kwa mraba wa kimo. Kanuni hiyo ni ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa Gent, mwanaastronomia na mtaalamu wa takwimu wa karne ya 19 ambaye hakuwa daktari na alitafuta mtu wa wastani. Ancel Keys aliipa jina lake la sasa mwaka 1972. Ni kanuni nzuri kwa kupima umati. Haioni kiunzi hata kidogo. Madaktari wa Kifaransa wana kanuni inayokiona, ya Creff: toa 100 kwenye kimo cha sentimita, jumlisha sehemu ya kumi ya umri, zidisha kwa 0.9. Mwenye kiunzi chembamba azidishe tena kwa 0.9, mwenye kipana kwa 1.1. Mtu wa sentimita 170 na umri wa miaka 40 anapata kama kilo 67 akiwa wa kati, 60 akiwa mwembamba, 73 akiwa mpana. Hizo 73 ukizipeleka kwa Quetelet zinatoa 25.3, nazo zimevuka mpaka wa 25 wa Shirika la Afya Duniani. Mtu mmoja, siku moja, ana uzito unaomfaa kwa kanuni moja na amezidi kwa nyingine. Daktari anaweza kumfafanulia hayo ikiwa tu ana neno la kutaja kinachowatenganisha Creff na Quetelet, na hapo fremu, kadre, umbo na gofu vyote vinamwangusha.

Matumizi ni mepesi: kiunzi chembamba, kiunzi cha kati, kiunzi kipana. Visiitwe kidogo na kikubwa, maana mrefu anaweza kuwa na kiunzi chembamba na mfupi akawa na kipana. Gawa kimo kwa mzingo wa kifundo cha mkono, vyote kwa sentimita: mwanamume akipata zaidi ya 10.4 ni chembamba, chini ya 9.6 ni kipana, na kwa mwanamke mipaka ni 11 na 10.1. Kiuno kipimwe kwa utepe uleule, kisizidi nusu ya kimo, kwa sababu kiunzi kipana hakimsamehe mtu tumbo. Wajawazito wasipimwe kwa jedwali hili. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 neno kiunzi lisitumike kabisa: hao wana utepe wao wa mkono wa juu wenye rangi tatu, na mkono wa mtoto wa kuanzia miezi 6 ukiwa chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, apelekwe kutibiwa utapiamlo siku hiyohiyo, bila mtu yeyote kujadili mifupa yake.