Kucheka kwa Ruhusa

Katika Kenya ya miaka ya 1980, taarifa ya habari ya saa moja jioni ilikuwa na mpangilio uliojulikana hata na watoto. Habari ya kwanza ilikuwa Mtukufu Rais Daniel arap Moi: amehudhuria ibada, amepokea wajumbe, amewaonya wasioridhika. Ya pili mara nyingi ilikuwa yeye tena. Mafuriko na ajali zilisubiri zamu yao. Na stesheni nyingine ya kuhamia haikuwepo.

Moi aliukuta mtambo huo ukiwa tayari. Televisheni ilianza Nairobi 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ya Jomo Kenyatta ilitwaa shirika la utangazaji, ikaliita Sauti ya Kenya na kuliweka chini ya wizara. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, walikimbilia kituo hicho na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza redioni kwamba serikali imeanguka. Jaribio lilizimwa upesi. Miezi michache tu kabla yake, katiba ilikuwa imebadilishwa ili KANU kiwe chama pekee kisheria, na baada ya Agosti nani angethubutu kufanya mzaha hewani?

Mzaha ulikuwepo, tena mwingi. Stesheni hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wakenya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang' na Mama Kayai waligombana kama mume na mke wa mtaa wowote ule, na watu wakacheka hadi machozi. Aliyeigiza Ojwang', Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyejitwika jina na lafudhi ya Kijaluo. Katika nchi ambayo siasa ilihesabu makabila kila siku, hilo si jambo dogo, na sijui kama tumewahi kumshukuru ipasavyo.

Ila tazama ni nani aliyechekwa. Katika Vioja Mahakamani, kizimbani alisimama mtu wa chini: mlevi, mchuuzi, jirani mwenye kelele. Hakimu alibaki na heshima yake. Mshtakiwa alihukumiwa, sote tukaridhika. Ucheshi ule ulikuwa mtamu kweli, lakini uliteremka tu, haukupanda.

Kisha mambo yakalegea. KTN, stesheni ya kwanza ya binafsi, ilianza 1990. Desemba 1991, kwa shinikizo la wananchi waliopigwa mitaani na la wafadhili walioshika mifuko yao, vyama vingi vikaruhusiwa tena. Mwishoni mwa muongo huo, vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakaja na Redykyulass. Walimwigiza Moi akiwa bado Ikulu: sauti yake nzito, kujivuta kwake, rungu lake. Kwa mzazi aliyelelewa na taarifa ya saa moja, kicheko cha kwanza kilitangulia kwa kutazama mlango. Hakuna aliyebisha hodi. Nadhani kipindi kile kiliuondoa woga kuliko hotuba nyingi za upinzani, kwa sababu rungu likishachekwa halirudi kuwa rungu lile lile.

Kufikia 2009, The XYZ Show ya mchoraji Gado ilikuwa na vikaragosi vya wanasiasa karibu wote, na waliokasirika zaidi, nashuku, ni wale waliokosa kikaragosi.

Hata hivyo, swichi ilibaki serikalini. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe; Citizen ilikaa gizani zaidi ya wiki moja. Wakati huo John Kiarie, mmoja wa wale vijana watatu, alikuwa mbunge wa Dagoretti Kusini, kwa tiketi ya chama tawala.