Mpango wa taka ngumu, Muthara

Muthara ni wadi ya Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru, Kenya. Taka zake ni jukumu la kaunti: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi uzoaji na majaa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaidai kila kaunti mpango wa taka wa miaka 5, ripoti ya utekelezaji ya kila mwaka, na vituo vya kuchambua taka zinazoweza kurejelezwa. Kila nyumba nayo sharti itenge taka zinazooza na zisizooza. Hapo ndipo penye kazi. Katika ukanda huu wa miraa, vitita vyake hufungwa kwa majani ya migomba; hayo, pamoja na maganda ya sokoni, yangerudi shambani kama mboji iwapo hayangechanganywa na plastiki. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, chupa hazikuguswa.)

Fedha za kazi hiyo hupitia Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa kaunti, wa sasa ukiwa wa 2023–2027. Mpango wa taka usioingizwa humo hubaki karatasi.