Gango la Thomas

Mtu akivunjika paja, hatari yake si mfupa peke yake. Misuli ya paja ina nguvu nyingi. Mara mfupa ukatikapo hujivuta, vipande viwili vikapandana, na ncha zao kali zikachana nyama na mishipa. Damu ya zaidi ya lita moja yaweza kujificha ndani ya paja pasipo tone kuonekana nje. Kumchukua majeruhi wa namna hiyo juu ya machela, katika njia ya mashimo, ni kumjeruhi upya kila hatua. Chombo cha kuizuia hatari hii kilielezwa kitabuni mwaka 1875, lakini kilipata kutumiwa kwa wingi miaka 40 baadaye.

Mbunifu wake, Hugh Owen Thomas, alizaliwa mwaka 1834 kisiwani Anglesey, Wales, katika ukoo ambao kuunga mifupa kulikuwa urithi wake. Baba yake, Evan Thomas, alihamia Liverpool kufanya kazi hiyo. Hakuwa na shahada, na matabibu wenye shahada walimshitaki mahakamani mara kwa mara. Mzee huyo akaona jawabu moja tu: aliwasomesha wanawe wote watano udaktari. Hugh alifuzu mwaka 1857, akafanya kazi na baba yake kwa muda mfupi, wasipatane, naye akajitenga.

Katika Nelson Street, Liverpool, aliwatibu mabaharia na wachukuzi wa bandarini, na maskini waliokuja Jumapili hawakutozwa kitu. Nyumbani mwake walikuwamo mhunzi na fundi wa ngozi, maana magango yake yalifanyizwa papo hapo kwa kipimo cha mgonjwa. Gango la mguu lilikuwa pete ya chuma iliyovikwa ngozi, ikapandishwa hata kinenani na kuegemea mfupa wa makalio. Kutoka petení ziliteremka fito mbili za chuma, moja kila upande, zikakutana mbele ya wayo. Mguu ulivutwa ukafungwa kwenye ncha hiyo. Misuli ikakosa nafasi ya kujikunja, mfupa ukatulia. Alilikusudia kwanza kwa magoti yenye maradhi, ila fundi yeyote angaliona kwamba lafaa kwa paja lililovunjika.

Hata hivyo Thomas hakupata kushika cheo katika hospitali yoyote. Aliandika kwa ukali, akawadharau waliomdharau, na kwa hilo nadhani ana sehemu yake ya lawama. Sehemu kubwa zaidi ni ya wale waliosikia jina la muunga mifupa wasitake kulitazama gango lenyewe. Alifariki mwaka 1891.

Elimu yake ilibaki kwa Robert Jones, mtoto wa ndugu wa mkewe, aliyekuja kukaa naye mwaka 1873. Mwaka 1888 Jones alikabidhiwa majeruhi wa ujenzi wa Mfereji wa Meli wa Manchester, akaweka hospitali tatu na vituo vya huduma ya kwanza kando ya maili 36 za mfereji huo. Kazi hiyo ilimzoeza kumfikia aliyevunjika upesi, kabla hajasafirishwa.

Vita vya 1914 vilipozuka, waliovunjwa mapaja kwa risasi walikufa kwa wingi mno. Husemwa kwamba walikufa 80 katika kila 100. Watafiti wa siku hizi wameitia shaka hesabu hiyo, na mimi siitegemei. Jones alishikilia gango la mjomba wake litumike karibu na mahandaki. Wachukuzi wa machela walizoezwa kulifunga juu ya suruali na kiatu, macho yao yakiwa yamefunikwa, ili waweze kazi hiyo gizani. Katika mapigano ya Arras, mwaka 1917, zilihesabiwa ajali 1,009 za paja; waliokufa walikuwa 15.6 katika kila 100. Haki yataka tuseme kwamba gango halikushinda peke yake: wakati huo wapasuaji walikuwa wamejifunza pia kukata nyama iliyokufa mapema, kabla jeraha halijaoza.

Tena Jones hakuridhika na kuokoa roho tu. Hospitalini Shepherd's Bush, London, tangu mwaka 1916, palikuwa na karakana za majeruhi. Aliyekakamaa kifundo cha mguu aliwekwa akanyage mashine ya kukerezea mbao. Aliyekakamaa kiwiko alipewa msumeno, akapasua ubao hata mkono ukaanza kukunjuka.