Toria: miaka 60 ya boti ya povu iliyojengwa bila kalibu

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 60 tangu Toria ishinde mashindano ya kwanza ya kuzunguka Uingereza na Ireland kwa tanga, mabaharia wawili kila chombo. Aliyeibuni, akaijenga na kuwa nahodha wake ni Mwingereza Derek Kelsall, akiwa na Martin Minter-Kemp. Mvuvi wa ngalawa angelielewa umbo lake mara moja: bodi moja katikati, na mbili nyembamba ubavuni mahali pa matengo. Ugeni wake ulikuwa ndani ya faiba.

Boti za faiba zilikuwepo kabla. Ila fundi alichonga kwanza mfano, akatoa kalibu kutoka kwenye mfano huo, ndipo akaunda bodi yenyewe. Kiwanda kilirudisha gharama kwa kuuza boti nyingi. Mtu aliyetaka boti moja tu alibaki na plaiwudi.

Kelsall aliijua plaiwudi. Mwaka 1964 aliingia mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yake na Folatre, trimarani (boti ya bodi tatu) ya michoro ya Mmarekani Arthur Piver. Aligonga kitu baharini, akarudi Plymouth, akaitengeneza, akaondoka upya na akafika Marekani.

Kwa Toria aliitupa kalibu kabisa. Alisimamisha fremu za mbao, akazivika vipande vya povu gumu la plastiki, kisha akalaza vitambaa vya faiba na kuvilowesha rezini. Bodi ikageuzwa, fremu zikatolewa, ndani nako kukapakwa faiba. Bodi ya namna hii haipindi kirahisi kwa sababu povu huyatenganisha matabaka mawili ya faiba, na moja haliwezi kuvutika bila jingine kubanwa. Ni nyepesi, na povu lake halinywi maji. Gharama ni jasho: uso wa nje haukutoka kwenye kalibu laini, kwa hiyo hupigwa msasa kwa siku nyingi, na vumbi la faiba huwasha mwili mzima.

Mfaransa Éric Tabarly, mshindi wa Atlantiki wa 1964, aliipanda Toria, kisha akajenga Pen Duick IV, trimarani ya alumini ambayo Alain Colas aliishindia Atlantiki mwaka 1972. Simulizi nyingi za trimarani huanzia kwa Wafaransa hao. Si haki, kwa kuwa Toria iliwatangulia. Baadaye zikaja pampu za kufyonza hewa ili kubana faiba kwenye povu, na ujenzi huu wa povu ukaenea hadi viwandani. Wewe unayekata povu uani kwako leo, mtaje Kelsall kwanza.