Trench Town: Mtaa Uliowalea Waimbaji wa Reggae

Trench Town ni mtaa wa magharibi mwa Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Ndiko walikozaliwa, au walikohamia wakiwa bado wadogo, waimbaji wengi wa kizazi cha kwanza cha reggae: Joe Higgs, Alton Ellis, Delroy Wilson, Toots Hibbert, Bob Marley, Peter Tosh, Bunny Wailer na Rita Marley, pamoja na vikundi vya Heptones na Wailing Souls. Wengi wao walitoka katika familia maskini zilizokuja mjini kutafuta riziki, na hawakupita chuo chochote cha muziki. Walichokijua walikipata uani, kanisani, kwenye jukwaa la sinema ya mtaani na kwa majirani waliowatangulia kuimba. Kwa hiyo historia ya muziki wao haiwezi kutenganishwa na historia ya mtaa wenyewe.

Jina la mtaa limetokana na familia ya Daniel Power Trench, mhamiaji kutoka Ireland aliyefika kisiwani katika karne ya 18. Familia hiyo ilimiliki hapo shamba la mifugo lililojulikana kama Trench Pen. Baadaye wenyewe waliliacha, na katika miaka ya 1930 watu kutoka vijijini walianza kujijengea vibanda vya mbao na mabati katika eneo hilo. Kilimo cha miwa na ndizi kilikuwa kimedorora, na Kingston ndiyo iliyokuwa na bandari, viwanda na matumaini ya kibarua. Ghasia za wafanyakazi zilizokitikisa kisiwa kizima mwaka 1938 ziliisukuma serikali ya kikoloni ya Uingereza kushughulikia makazi ya maskini. Katika miaka ya 1940 vibanda vilianza kubomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyumba za serikali, zilizopangwa katika barabara zenye namba badala ya majina: ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea. Agosti 1951 Kimbunga Charlie kiliipiga Jamaika, kikaua watu zaidi ya 150 na kuwaacha maelfu bila makao. Baada ya janga hilo serikali ilijenga zaidi, na Trench Town ikajaa.

Ramani ya nyumba hizo ilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani waliozichora. Majengo yaliuzunguka ua wa pamoja. Familia ilipangishwa chumba kimoja au viwili, na wapangaji wote walichangia jiko, bomba la maji na vyoo. Mapishi, kufua, kulea watoto, michezo na mazungumzo ya jioni vyote vilifanyika uani. Kijana aliyeimba hapo alisikika na kila mtu, na majirani waliopendezwa walimwitikia huku waliochoshwa wakimwambia wazi. Ala zilikuwa ghali, lakini sauti ya mtu haikununuliwa. Hii ndiyo sababu Trench Town ilitoa kwanza vikundi vya waimbaji wawili au watatu waliopanga sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kabla ya kutoa wapiga ala. Usiku, redio zilipokamata stesheni za kusini mwa Marekani, vijana walisikiliza muziki wa Wamarekani weusi na kuiga mipangilio yao ya sauti. Kundi la Impressions la Curtis Mayfield lilipendwa mno, na athari yake inasikika wazi katika rekodi za mwanzo za Wailers, kundi la Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer.

Mtaa ulikuwa pia na taasisi zake. Mwaka 1940 mchungaji wa Kimethodisti, Hugh Sherlock, alianzisha Boys' Town, kituo cha vijana chenye shule, michezo na ibada. Sherlock ndiye aliyekuja kuandika maneno ya wimbo wa taifa wa Jamaika huru mwaka 1962. Boys' Town ilimlea Collie Smith, mcheza kriketi wa timu ya West Indies, aliyefariki mwaka 1959 kutokana na ajali ya gari huko Uingereza. Barabara kuu ya mtaa ina jina lake hadi leo. Alton Ellis naye alisoma Boys' Town kabla ya kugeukia muziki.

Palikuwepo pia ukumbi wa sinema wa Ambassador. Hapo, kama katika kumbi nyingine za Kingston, mwandishi wa habari Vere Johns aliendesha mashindano ya vipaji yaliyovuta umati. Yeyote mwenye ujasiri alipanda jukwaani, na kelele za watazamaji ndizo zilizoamua mshindi. Zawadi ilikuwa fedha kidogo, lakini aliyeshangiliwa Ambassador alikuwa amepita mtihani mgumu, kwani watazamaji walikuwa majirani zake, na hawakumwonea mtu haya. Alton Ellis na dada yake Hortense ni miongoni mwa walioanzia katika mashindano ya Vere Johns.

Kutoka jukwaani hadi kwenye santuri palikuwa na daraja moja, nalo ni disko za mitaani zilizopigwa kwa spika kubwa. Wenye disko hizo, akina Clement "Coxsone" Dodd na Duke Reid, walishindana kwa kupiga nyimbo ambazo mpinzani hakuwa nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, nyimbo walizozitaka zilipoanza kuwa adimu Marekani, waliamua kuwarekodi waimbaji wa Kingston wenyewe. Mwaka 1959 Ellis na mwenzake Eddie walimrekodia Dodd wimbo "Muriel", na ukapendwa sana. Mwaka 1960 Joe Higgs na Roy Wilson walitoka na "Manny-O". Aliyewarekodi alikuwa Edward Seaga, msomi wa mila na muziki wa kisiwani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Delroy Wilson, mtoto wa Trench Town aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa bado mvulana wa shule alipoanza kumrekodia Dodd.

Mafanikio ya Higgs yangeweza kumwondoa mtaani, lakini alibaki, akawa mwalimu. Alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo aliwazidi wanafunzi wake miaka michache tu. Katika ua wake wa Barabara ya Tatu aliwapokea vijana jioni na kuwafundisha bure namna ya kupumua, kushika ufunguo, kupanga sauti na kutunga maneno yenye uzito. Aliyekosea alirudia hadi apatie. Husimuliwa kwamba wanafunzi wake walipelekwa kuimba usiku katika makaburi ya May Pen, jirani na mtaa, kwa hoja kwamba asiyeogopa kuimba mbele ya wafu hatatetemeka mbele ya walio hai. Wailing Souls walipita mikononi mwake, na Wailers pia. Higgs mwenyewe hakupata umaarufu unaolingana na kazi yake. Albamu yake *Life of Contradiction* ilitoka mwaka 1975, wakati wanafunzi wake walikuwa tayari wamevuka bahari.

Wailers walikutana kwa njia ya kawaida kabisa ya mtaa wa wahamiaji. Bob Marley alizaliwa Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann. Huko alifahamiana na Neville Livingston, yaani Bunny, aliyekuwa amehamia kijijini na baba yake. Mnamo mwaka 1957 Marley aliletwa Kingston na mama yake, Cedella, na baadaye familia hizo mbili zikaishi pamoja Barabara ya Pili. Bunny alikuwa amejitengenezea gitaa kwa mwanzi, kopo kubwa la dagaa na nyuzi nyembamba zilizochopolewa kwenye waya wa umeme. Ala hiyo ndiyo waliyoitumia mwanzoni. Peter Tosh, aliyezaliwa Westmoreland mwaka 1944 kwa jina la Winston Hubert McIntosh, alipojiunga nao alikuja na gitaa la kweli na ujuzi wa kulipiga, na Marley akajifunza kwake.

Marley aliwekwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma ili apate ufundi wa kumlisha. Humo alikuwemo pia Desmond Dekker, naye akitafuta nafasi ya kurekodi. Chembe ya chuma iliyomwingia Marley jichoni ilimfanya aichukie kazi hiyo. Mwaka 1962 alirekodi "Judge Not" kwa Leslie Kong, mfanyabiashara mwenye asili ya Kichina aliyekuwa na duka la santuri na aiskrimu. Santuri hiyo haikuuzika. Bunny alitakiwa kujaribiwa kwa Kong kipindi hicho hicho, lakini alichelewa kutoka shuleni na nafasi ikapita. Ndipo walipoamua kurudi kwa Higgs na kujifunza kuimba kama kundi. Walikuwa na wenzao Junior Braithwaite, Beverley Kelso na Cherry Smith. Mpiga ngoma wa mtaani, Alvin "Seeco" Patterson, aliwafikisha kwa Coxsone Dodd, aliyekuwa amefungua studio yake, Studio One, nambari 13 Brentford Road. "Simmer Down", wimbo uliowasihi vijana wakorofi wa mitaani kutuliza hasira, ulishika nafasi ya kwanza Jamaika mwaka 1964. Njia yao ya kwenda studio ilipita mbele ya nyumba alikoishi Rita Anderson, msichana aliyezaliwa Kuba na kulelewa na shangazi yake Trench Town. Rita alikuwa na kundi lake, Soulettes. Yeye na Marley walifahamiana, na Februari 1966 wakafunga ndoa.

Barabara ya Kwanza palikuwa na mtu mwingine aliyewabeba vijana hao: Vincent Ford, aliyejulikana kama Tata. Jiko lake dogo uani liliwalisha wenye njaa, na Marley, alipokosa pa kulala, alijihifadhi hapo. Mazoezi yalifanyika karibu na moto huohuo. Wimbo "No Woman, No Cry", uliotoka mwaka 1974 katika albamu *Natty Dread*, unakumbuka maisha ya ua huo, na mtunzi aliyeandikishwa ni Vincent Ford. Alifariki Desemba 2008.

Toots Hibbert alifika kwa njia yake. Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa May Pen, mbali na makaburi yenye jina hilo, akakua akiimba kanisani, akawa yatima akiwa bado mtoto, na kuhamia Trench Town akiwa na miaka kama 13. Alifanya kazi ya kinyozi, na huko alikutana na Raleigh Gordon na Jerry Matthias, wakaunda Maytals. Sauti yake haikuacha kamwe mtindo wa waumini wanaoimba kwa kupokezana. Mwaka 1968 kundi hilo lilitoa "Do the Reggay", santuri ya kwanza kulitaja jina la muziki huo. Miaka miwili kabla, Alton Ellis alikuwa mmoja wa waliopunguza kasi ya ska, mtindo uliotangulia, na kuleta rocksteady, mtindo ulioipa besi na sauti ya mwimbaji nafasi kubwa zaidi. Hatua zote mbili, kutoka ska hadi rocksteady na kutoka rocksteady hadi reggae, zina alama za watu wa Trench Town.

Maneno ya nyimbo nayo yalibadilika kwa sababu ya Urasta, imani inayomtukuza Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Mortimer Planno, mmoja wa wazee wa imani hiyo, aliishi Barabara ya Tano, na ua wake ulikuwa mahali pa kusoma, kujadiliana na kupiga ngoma. Mwaka 1961 alikuwa katika ujumbe uliotumwa na serikali kuzuru Ethiopia, Nigeria, Ghana, Liberia na Sierra Leone ili kuchunguza uwezekano wa Wajamaika kurejea Afrika. Tarehe 21 Aprili 1966 Mfalme Haile Selassie alipotua Kingston, umati uliizingira ndege hata akashindwa kushuka, na Planno ndiye aliyepanda ngazi na kumfungulia njia. Kwa vijana waliomsikiliza, Afrika ilikuwa bara lenye mfalme na historia. Kutoka hapo nyimbo za mapenzi zilianza kuchangamana na nyimbo za ukombozi.

Wakati muziki ukipanda, mtaa ulikuwa ukiporomoka. Baada ya uhuru wa tarehe 6 Agosti 1962, vyama viwili vikuu, PNP na JLP, viligombea kura za magharibi mwa Kingston kwa kugawa nyumba na ajira kwa wafuasi wao. Nyumba za Wilton Gardens, ziitwazo Rema, zikawa ngome ya JLP, na Arnett Gardens, iliyojengwa miaka ya 1970 na kubandikwa jina la Concrete Jungle, ikawa ya PNP. Majirani waliochangia bomba moja wakajikuta pande mbili za mpaka, na bunduki zikaingia. Tarehe 22 Aprili 1978, katika Tamasha la Amani la One Love, Marley aliwapandisha jukwaani Michael Manley wa PNP na Edward Seaga wa JLP na kuishikanisha mikono yao. Hata hivyo, mwaka wa uchaguzi wa 1980 uliua mamia ya watu. Familia nyingi zilihama Trench Town, nyua zikavunjwa au kuchomwa, na sinema ya Ambassador ikabaki gofu. Wanamuziki waliokwisha kufanikiwa walikuwa wameondoka mapema, baadhi kwenda sehemu nyingine za Kingston, wengine Uingereza na Marekani. Alton Ellis alimalizia maisha yake London, na Joe Higgs alifia Los Angeles mwaka 1999.

Juhudi za kuuokoa urithi huo zilianzishwa na wakazi wenyewe. Ua wa Barabara ya Kwanza ulikarabatiwa na kuwa makumbusho, Trench Town Culture Yard, na mwaka 2007 ukatangazwa kuwa urithi wa taifa unaolindwa. Mgeni huoneshwa chumba chenye kitanda chembamba alicholalia Marley, jiko la Tata na mabaki ya gari aina ya Volkswagen lililotumiwa na Wailers. Mwaka 2015 UNESCO iliutambua Kingston kuwa mji wa ubunifu katika muziki, na Novemba 2018, katika kikao kilichofanyika Port Louis, Mauritius, reggae ya Jamaika iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Heshima hiyo imepewa muziki, lakini sehemu kubwa yake ni ya watu wa Trench Town waliofundisha, kulisha na kusikiliza bila malipo.