Nyumba ya Tarishi: Asili ya Msimbo wa Postfix

Msomaji anayefungua leo msimbo wa Postfix, programu huria ya kupokea na kupeleka barua pepe, hukuta ndani ya saraka iitwayo src vyumba vingi vilivyopangwa kimoja kando ya kingine: cha smtpd, cha cleanup, cha qmgr, cha pickup, cha bounce, cha local na vinginevyo, kila kimoja na kazi yake mahususi, naye akiwa hana habari ya yaliyotangulia, aghalabu hustaajabu kwa nini kazi ionekanayo nyepesi, yaani kuichukua barua hapa na kuifikisha pale, imegawiwa watumishi wengi kiasi hicho. Jawabu limo katika historia ya miaka takriban 20 iliyoutangulia msimbo huo, na mimi nashikilia kwamba asiyeijua historia hiyo aweza kuufahamu kila mlango wa nyumba, wala asifahamu nyumba ilijengwa hivyo kwa kuhofia nini.

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Eric Allman alikuwa akifanya kazi katika mradi wa INGRES, ambao mashine yake ilikuwa imeunganishwa na mtandao wa ARPANET. Na kwa kuwa watu wengine wa chuo walikuwa wakiomba idhini ya kuitumia mashine ile, ilhali haja yao hasa ilikuwa ni barua tu, alionelea ni tadbiri njema aandike programu itakayozipokea barua kutoka mtandao mmoja na kuzipitisha mtandao mwingine, ili kila mtu azisome zake pale pale alipo. Programu hiyo iliitwa delivermail. Kasoro yake ni kwamba kanuni za anwani zilifungwa ndani ya msimbo wenyewe, hata badiliko dogo likalazimu programu nzima ijengwe upya. Na anwani za nyakati zile hazikuwa na sura moja, kwani watu wa ARPANET waliandika jina, kisha alama ya @, kisha mashine, watu wa mtandao wa UUCP walitanguliza mashine wakaitenga na jina kwa alama ya mshangao, na mtandao wa ndani wa Berkeley ulitumia nukta mbili.

Ndipo Allman akaandika Sendmail, iliyotoka mwaka 1983 pamoja na mfumo wa uendeshaji wa 4.1c BSD, na kanuni zile akazihamishia katika faili ya nje iliyoitwa sendmail.cf, ambamo kila mstari huanza na herufi moja ya kuujulisha: S kwa kundi la kanuni, M kwa tarishi wa kuipeleka barua, R kwa kanuni yenyewe. Mstari wa R una upande wa kushoto, wenye umbo la anwani inayotafutwa, na upande wa kulia, wenye umbo la anwani itakayoandikwa badala yake. Na kinachozitenga pande hizo mbili sharti kiwe ni alama ya tab, kwani nafasi za kawaida hazikubaliwi, hata mtu ambaye kihariri chake kilizigeuza tab kuwa nafasi aliweza kuukodolea macho mstari uliovunjika asione tofauti yoyote. Wengi wameilaumu lugha hiyo kwa ugumu wake. Naona si haki kuilaumu bila kukumbuka kwamba ndiyo iliyoziwezesha barua kuvuka baina ya mitandao isiyojuana, kabla desturi moja ya anwani haijatawala.

Lililokuwa zito zaidi ni jambo jingine. Programu ile ile moja iliyokaa mlangoni kuwasikiliza wageni wa mtandao ndiyo iliyoifungua bahasha, ikaitunza foleni, ikawatuma matarishi wa kuziweka barua katika visanduku vya watu, na yote hayo kwa mamlaka kamili ya mwenye mashine. Hivyo aliyeihadaa mlangoni alikuwa ameimiliki nyumba yote. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Cornell, Robert Tappan Morris, aliuachia mtandaoni mnyoo, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulioingia kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa ni amri ya DEBUG ya Sendmail, iliyokusudiwa kwa watu wa kuijaribu programu lakini ikaachwa wazi katika mashine nyingi, nayo ilimruhusu mgeni kuweka amri za kutekelezwa mahali palipostahili jina la mpokeaji. Makadirio ya wakati ule yalizihesabu mashine zilizoambukizwa kuwa zipatazo 6,000.

Miaka ya tisini ikaleta wajenzi wapya. Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alianza Exim mwaka 1995, akaiacha iwe programu moja kubwa. Mwanahisabati Daniel Bernstein, aliyeanza qmail mwaka huo huo, alishika njia ya kinyume: aliigawa kazi kwa programu ndogo ndogo, akazipa hesabu za watumiaji mbalimbali ili moja isiweze kugusa vya mwenziwe, na mwaka 1997 akaahidi dola 500 kwa mtu wa kwanza atakayeonyesha tundu la usalama ndani yake, lakini hakuruhusu wengine kuigawa ikiwa imebadilishwa, hadi mwaka 2007 alipouachia umma kazi yake yote.

Njia hiyo ya kuigawa kazi ndiyo aliyoishika pia Wietse Venema, mtaalamu wa Kiholanzi, aliyeiandika Postfix akiwa katika kituo cha utafiti cha IBM kiitwacho Watson, nayo ikatolewa kwa umma Desemba 1998. Hapa ndipo namshauri mwanafunzi akae kwa wasaa, na njia iliyo bora ni kuifuata barua moja tu. Barua itokayo mtandaoni hupokewa na smtpd, ambayo katika faili ya smtpd.c ina jedwali linaloipa kila amri ya mgeni kazi yake: HELO huenda kwa helo_cmd, MAIL kwa mail_cmd, RCPT kwa rcpt_cmd, DATA kwa data_cmd, yaani maneno yale yale aliyoyaweka Jon Postel katika waraka wa RFC 821 wa Agosti 1982, sasa yamekuwa majina ya milango. Kutoka hapo barua hukabidhiwa cleanup, ikamiliziwe vichwa vilivyopungua na kuwekwa katika foleni iitwayo incoming. Kisha qmgr huihamishia foleni ya active, akamwita local ikiwa mwenyewe yumo humu, au smtp ikiwa yuko ng'ambo. Na isipofika, huwekwa katika deferred hadi ijaribiwe tena. Yule asikilizaye mlangoni hana ruhusa ya kuandika katika kisanduku cha mtu yeyote, na watumishi walio wengi hawana mamlaka ya mwenye mashine.

Fauka ya hayo, Venema aliweka desturi ambayo sijaona adabu kubwa kuliko hiyo kwa msomaji: kila faili ya msimbo huanza na maelezo marefu, yenye jina la kazi, muhtasari wake, namna ya kuitumia, makosa yaliyojulikana na jina la mwandishi, na katika smtpd.c maelezo hayo huchukua mamia ya mistari kabla ya msimbo wenyewe kuanza. Maelezo hayo hayo ndiyo yatolewayo kuwa kurasa za mwongozo wa programu, hata mwongozo na msimbo vikawa vimekaa katika faili moja.

Na katika saraka ile ile ya src kimo chumba kiitwacho sendmail. Programu nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa zimezoea kuita amri ya jina hilo kila zinapotaka kutuma barua, nazo hazikuweza kubadilishwa zote. Kwa hiyo Postfix, kama qmail na Exim, ikaweka amri yake yenye jina la mzee, inayoipokea barua kama alivyoipokea yeye, kisha ikaikabidhi kwa postdrop, naye akaiweka katika foleni ya maildrop, ambako pickup huja kuichukua na kuipeleka kwa cleanup.